Uchumi na Robo Kilo

Mwaka 1975 Serikali ya Kenya, kupitia mashirika yake, ilianzisha maduka makubwa ya kujihudumia, yakaitwa Uchumi. Nia ilikuwa njema: mwananchi apate bidhaa kwa bei nafuu, na viwanda vya hapa nyumbani vipate pa kuuzia.

Lakini nafuu ile, ndugu msomaji, ilikuwa na sharti. Mamangu alilijua kuliko mtaalamu yeyote. Pakiti ya kilo mbili ni rahisi kwa mwenye pesa za kilo mbili leo hii, naye mama mkononi alikuwa na za robo. Halafu kuna nauli ya matatu, kwenda na kurudi! Basi tukabaki na kioski cha mtaani: sukari robo, mafuta ya kupima, sabuni kipande badala ya mche mzima. Zijumlishe robo hizo mwezi mzima, utaona sisi maskini ndio tuliolipa ghali. Ila mwenye kioski alikuwa na daftari la deni, na jina letu alilijua vizuri mno. Kwenye duka kubwa, nani angekukopesha?

Mwaka 1992 hisa za Uchumi zikaanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Juni 2006 madeni yakaifunga. Ikafunguliwa tena mwezi uliofuata, lakini baadaye matawi yakazidi kufungwa. Viwanda navyo vilikuwa vimeshamfuata mteja kioskini. Siku hizi majani ya chai na sabuni ya unga hufungwa vipakiti vidogo vya shilingi chache, na mama huning'iniziwa mbele ya macho, juu ya dirisha la waya.