Mtandao uliozimwa na umbea wake

Wasee, laini ikijaa tunalaumu video. Lakini ruta nazo huongea zenyewe kwa zenyewe kwenye hizo hizo laini: nani yuko hai, njia gani imekatika, wapi kuna foleni. Bila huo umbea, data yako haijui ipite wapi. Shida ni kwamba umbea nao unakula nafasi, na 1980 uliangusha mtandao mzima.

Turudi ARPANET, babu ya intaneti, mtandao wa utafiti uliolipiwa na jeshi la Marekani kuanzia 1969. Laini zake zilibeba kilobiti 50 kwa sekunde. Picha moja ya kilobaiti 200 ingeshika laini yote zaidi ya nusu dakika! Sasa kwenye hako kamfereji, kila kompyuta ya kuelekeza data, zilikuwa zinaitwa IMP, ilitumia majirani jedwali lake lote mara tatu kila sekunde mbili. Hata kama hakuna jipya. Mtandao ukikua, jedwali linakua, nafasi ya watu inapungua.

1979 wahandisi wa BBN, kampuni iliyouendesha, wakabadilisha mambo. Kila IMP ikawa inaripoti laini zake tu, hali ikibadilika, ama angalau mara moja kwa dakika. Ripoti fupi, inasambazwa kila mahali, na inatangulia kazi nyingine zote. Mimi niliacha chuo kabla ya kufika huko, lakini naona hiyo ilikuwa akili safi.

Ili kujua ripoti ipi ni mpya, kila moja ilipewa namba kutoka 0 hadi 63, halafu inarudi 0 kama mshale wa saa. Tarehe 27 Oktoba 1980 memori mbovu ikadondosha biti, zikatokea ripoti tatu za IMP nambari 50 zikizunguka pamoja: 44, 40 na 8. Andika 44 kwa biti: 101100. Dondosha moja unapata 101000, ndiyo 40. Dondosha nyingine, 001000, ndiyo 8. Kwa hesabu ya duara, 40 ni mpya kuliko 8, 44 ni mpya kuliko 40, na 8 ni mpya kuliko 44. Yaani Otieno ni mkubwa kwa Kamau, Kamau ni mkubwa kwa Hassan, na Hassan ni mkubwa kwa Otieno.

Basi kila IMP ikipata moja inasema hii ni mpya, inaipitisha. Inayofuata pia ni mpya. Zilikuwa na muda wa kuisha, lakini muda ulihesabiwa ripoti ikikaa kwenye memori, na hizi hazikukaa. Saa kadhaa mtandao haukufaa kitu. Ukizima IMP na kuiwasha, majirani wanaiambukiza tena. Ikabidi zote ziwekewe programu ya kupuuza chochote kinachodai kutoka IMP 50.

Kinachoniuma: data ilikaguliwa makosa ikiwa kwenye laini, ikikaa kwenye memori basi, hakuna anayeangalia.

OSPF ya 1989 ilijifunza. Ripoti inaongezwa umri kila inaporuka ruta, inabeba ukaguzi wake tangu kuzaliwa, na kukiwa kimya inarudiwa kila dakika 30. RIP, iliyoandikwa rasmi 1988, yenyewe iliendelea kumwaga jedwali lote kila sekunde 30, habari iwepo isiwepo.