Arap, bin na -son

Rais mstaafu Daniel Toroitich arap Moi alizikwa Kabarak, nje kidogo ya mji wa Nakuru, Februari 2020. Baba yake aliitwa Kimoi arap Chebii. Kwa desturi ya Wakalenjin, kijana akitoka jandoni alichukua jina la baba, likavuliwa kiambishi cha kuzaliwa na kutanguliwa na arap, yaani mwana wa. Mwana wa Kimoi akawa arap Moi. Kwa kanuni hiyo wanawe wangekuwa arap Toroitich. Jonathan, dereva wa mbio za magari, alijulikana kweli kwa Toroitich. Nduguye Gideon anajulikana kwa Moi, jina lililotoka kwa babu. Nyumba moja, kanuni mbili, na arap imetoweka kote kuwili.

Iceland wana desturi inayofanana na hii. Vigdís Finnbogadóttir, aliyekuwa rais huko kuanzia 1980, Moi naye akiwa madarakani, ni binti wa Finnbogi, na Finnbogi mwenyewe alikuwa Þorvaldsson, mwana wa Þorvaldur. Jina hubadilika kila kizazi, na sheria ya 1925 ilipiga marufuku majina mapya ya ukoo. Pwani yetu haikuhitaji sheria. Oman bado hutamka bin kwa heshima zote, kama katika jina la Sultani Haitham bin Tariq; Zanzibar neno lenyewe limedondoka katika matumizi ya kila siku, lakini mpangilio umebaki: jina lako, la baba, la babu. Mzanzibari amepoteza bin bila kupoteza nasaba. Bonde la Ufa, neno limeondoka pamoja na kanuni yake.

Wengi husema ubatizo ndio ulioiua arap. Sikubali: Moi alibatizwa Daniel na arap yake ikabaki. Tofauti kubwa naiona kwenye wakati. Bin na -son humpata mtoto siku ya kuzaliwa, kwa kuwa baba tayari anajulikana. Arap ilimngoja mtu akue. Haikutaja baba tu, ilishuhudia pia kwamba mwenye jina amepita tohara, amefunzwa na kupokewa katika rika lake. Kipande, kitambulisho cha mkoloni kilichoanza kutumika mwaka 1920, aliandikiwa mwanamume wa kuanzia miaka 16, kwa hiyo arap iliweza kuingia. Cheti cha kuzaliwa humwandika mchanga, na shule hufuata cheti. Kijana anapotoka jandoni, nafasi ya jina la mwisho imeshajazwa zamani.

Wakikuyu wa Njoro na Bahati nao wameachia “wa” yao, ila wao waliiweka hazina yao mahali pengine. Mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu mzaa baba, na jina hilo linaingia kwenye cheti bila shida yoyote. Uhuru Muigai Kenyatta alilibeba la Muigai, baba wa baba yake Jomo, hadi Ikulu.

Mila ya Wakalenjin si dhaifu kuliko hizo. Ilidai zaidi, ikakuta karatasi zisizosubiri. Lakini kitambulisho cha taifa hutolewa mtu akitimiza miaka 18, na kufikia umri huo vijana wengi wa Rongai na Molo wameshapita jandoni. Ningependa afisa wa usajili amuulize kila mmoja wao, kabla ya kunakili cheti, kama wazee wake wamempa jina jingine.