Hati ya talaka: Usiitafute katika kaunti, nenda mahakama iliyovunja ndoa

WATU wengi huikumbuka hati ya talaka siku ile wanapoihitaji kwa dharura. Mwanamke wa Magongo anataka kuondoa jina la aliyekuwa mumewe kwenye pasipoti kabla ya kusafiri. Mwanamume wa Chaani anataka kufunga ndoa nyingine na anatakiwa kuthibitisha kwamba ile ya kwanza imekwisha. Mjane anaingia katika kesi ya mirathi na kukuta mke wa zamani wa marehemu naye anadai fungu.

Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, wapo wanaodhani kwamba stakabadhi hizo hupatikana katika ofisi za kaunti. Huenda dhana hiyo inatokana na habari za Marekani, ambako katika majimbo mengi karani wa kaunti au wa mahakama ya kaunti ndiye anayetunza rekodi za talaka.

Nchini Kenya mambo ni tofauti. Karani wa kaunti tunayemjua ni yule wa bunge la kaunti, na kazi yake ni shughuli za madiwani. Usajili wa ndoa ni jukumu la serikali ya kitaifa kupitia Msajili wa Ndoa, nayo talaka huamuliwa na mahakama. Kwa hivyo, mkazi wa wadi ya Airport anayetafuta hati yake anapaswa kwanza kujiuliza: Ni mahakama gani iliyovunja ndoa yangu?

Aina ya ndoa na mwaka wa talaka

Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua aina tano za ndoa: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Sheria hiyo ilifuta sheria kadhaa za zamani zilizosimamia ndoa na talaka, na mabadiliko hayo yana uzito kwa anayesaka jalada.

Tangu 2014, kesi za talaka zisizo za Kiislamu husikilizwa katika mahakama za mahakimu. Kabla ya hapo, kesi nyingi za ndoa za kiserikali zilipelekwa Mahakama Kuu, ilhali baadhi ya ndoa za Wakristo Waafrika zilivunjwa mbele ya mahakimu. Kwa hiyo, aliyetalikiana mwaka wa 2005 huenda jalada lake liko katika masijala ya Mahakama Kuu ya Mombasa, na aliyetalikiana mwaka wa 2019 aanzie masijala ya mahakimu.

Kwa mkazi wa Changamwe, mahakama hizo ziko kisiwani, ng'ambo ya daraja la Makupa. Mkazi wa Kisauni akumbuke kwamba kuna mahakama pia Shanzu, na wa Likoni achunguze iwapo kesi yake iliendeshwa Mombasa au Kwale. Jalada hukaa pale kesi ilipofunguliwa, hata kama wahusika walihama zamani.

Hatua za kufuata

Kwanza, tafuta nambari ya kesi na mwaka wake. Nambari hiyo ndiyo ufunguo wa masijala. Huandikwa juu ya kila karatasi ya kesi: ombi la talaka, samansi, hata barua za wakili. Ukiwa huna karatasi yoyote, muulize wakili aliyekuwakilisha. Ikishindikana, andika majina kamili ya wahusika wote wawili, pamoja na mwaka unaokadiria, ili makarani watafute katika daftari za kesi.

Kesi za miaka ya karibuni zina nafuu. Idara ya Mahakama ilisambaza mfumo wa kuwasilisha kesi kwa njia ya mtandao kote nchini mwaka wa 2024, na nambari zilizomo humo hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko za daftari za zamani.

Pili, andika barua fupi ya kuomba nakala iliyoidhinishwa ya amri ya talaka. Katika Mahakama Kuu, barua huelekezwa kwa Naibu Msajili. Katika mahakama ya hakimu, kwa msimamizi wa mahakama hiyo. Taja nambari ya kesi, majina ya wahusika, na sababu ya kuhitaji nakala. Ambatisha nakala ya kitambulisho chako. Asiyekuwa mhusika katika kesi, kwa mfano mtoto au mrithi, aeleze uhusiano wake na haja yake, kwa kuwa mambo ya familia hulindwa.

Tatu, lipa ada iliyowekwa kupitia njia rasmi za malipo, na udai risiti. Usimpe mtu yeyote pesa taslimu kando kwa ahadi ya kuharakishiwa.

Nne, ikague nakala kabla ya kuondoka. Hakikisha ina muhuri wa mahakama, sahihi ya afisa, tarehe, na majina yaliyoandikwa sawasawa na yalivyo kwenye kitambulisho. Kosa la herufi moja linaweza kukurudisha tena kutoka ofisi ya pasipoti.

Amri ya awali si talaka kamili

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mara nyingi mahakama hutoa kwanza amri ya awali ya talaka, kisha, baada ya muda iliouweka, hutoa amri ya mwisho. Wapo waliopokea ile ya kwanza, wakashangilia, wasirudi tena kwa ya pili. Kisheria ndoa yao haijavunjika.

Anayefunga ndoa nyingine ya Kikristo au ya kiserikali katika hali hiyo hujiingiza katika ndoa batili, na anaweza kushtakiwa. Ukikuta kwamba jalada lako lina amri ya awali pekee, iombe mahakama itoe ya mwisho kabla ya kupanga jambo lolote.

Vivyo hivyo, kutengana kwa miaka mingi, kurudisha mahari, au kikao cha wazee si talaka mbele ya sheria. Wazee wanaweza kusuluhisha ndoa ya kimila, lakini amri ya kuivunja hutolewa na mahakama.

Talaka za Kiislamu

Kwa Waislamu, talaka huongozwa na sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi inatambuliwa na Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010. Nakala ya hati huombwa katika masijala ya Kadhi aliyeshughulikia shauri hilo.

Tatizo huwa kwa mwanamke aliyepewa talaka ya mdomo. Ameshakaa eda ikaisha, jirani zake wote wanajua, lakini hana karatasi. Mwanamke huyo anaweza kumwendea Kadhi na kuomba talaka ithibitishwe, akiwa na mashahidi na cheti cha ndoa iwapo anacho. Mume akikana, Kadhi husikiliza pande zote mbili na kuamua. Aliyetoka kwa khului au fasakhi ana faida ya kuwa na jalada, iwapo jambo lenyewe lilipitia mahakamani.

Jalada likikosekana

Majalada ya zamani huweza kupotea au kuchakaa. Isitoshe, sheria huruhusu mahakama kuharibu baadhi ya kumbukumbu zilizokaa muda mrefu, baada ya kutoa ilani katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ukiambiwa jalada halionekani, omba jibu hilo kwa maandishi. Mahakama inaweza kuombwa iunde upya jalada kutokana na nakala zilizo mikononi mwa wahusika au mawakili wao.

Anayeipeleka hati ng'ambo aulize mapema ubalozi husika unataka nini, kwani mara nyingi stakabadhi hutakiwa pia kuthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje. Kazi hiyo haifai kuachiwa wiki ya safari.

Naye ambaye kesi yake ingali mahakamani leo aombe nakala mbili zilizoidhinishwa siku amri ya mwisho itakapotolewa. Moja aiweke nyumbani, nyingine kwa mtu anayemwamini, na nambari ya kesi aiandike mahali asipoisahau.