Wafu Wasio na Kaburi



Wapendwa waamini, makaburi ya Wapolandi hapa Tengeru tunayafahamu vema. Wakimbizi hao wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, walianza kufika mwaka 1942 baada ya mateso ya Siberia. Walipitia Uajemi, wakavuka Bahari ya Hindi salama. Waliofia hapa wana kaburi, na jina limeandikwa juu yake.

Bahari hiyohiyo, katika vita hivyohivyo, iliwameza vijana wa Afrika Mashariki wasio na kaburi. Mwezi Februari 1944 msafara wa meli tano za askari ulitoka Mombasa kwenda Colombo. Miongoni mwa manowari za Kiingereza zilizoulinda zilikuwamo Petard na Paladin. Meli iitwayo Khedive Ismail ilibeba watu 1,511, wakiwamo wauguzi wa kike na mamia ya askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki.

Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo, ikazama kwa dakika chache tu. Paladin ilishusha mashua kuwaokoa walioelea. Lakini nyambizi ilikuwa imejificha chini yao, na meli nyingine nne zilizojaa watu zilikuwa bado hatarini. Petard ikatupa mabomu ya kulipukia majini mahali walipokuwa wakiogelea wenzao. Hatimaye nyambizi iliibuka, na Petard ikaizamisha kwa torpedo. Watu 1,297 walikufa. Waliosalia ni 214.

Seminarini tulifundishwa juu ya tendo moja lenye matokeo mawili, jema na baya. Tulijadili tukiwa tumeketi, saa nzima, na kengele ya chakula ikatuokoa. Nahodha wa Petard hakuwa na kengele. Sithubutu kumhukumu, wala sithubutu kusema kwamba hesabu ya waliookolewa inafuta kilio cha waliokuwa majini. Yote mawili ni kweli, nasi hatuna budi kuyabeba pamoja.

Mwezi Novemba, tunapowaombea marehemu makaburini, tunawasha mishumaa palipo na majina. Mwaka huu nawaomba kila familia iwashe mmoja zaidi, kwa ajili ya wale mamia ambao mama zao hawakuonyeshwa mahali pa kulilia.

Wenu katika Kristo,
Paroko