SMS Iliyouliza "Mambo?"

Ukishuka Dubois Road katikati ya jiji utapata krimu ya kila aina ya uso. Wenye haraka hubeba ule mchanganyiko wenye steroidi: uso unalainika chap chap, halafu ukiacha, chunusi zinarudi na hasira. Dawa halisi ya chunusi haina haraka. Benzoyl peroxide au adapalene hutaka kama wiki 8 hadi 12 ndio uone tofauti ya maana, na wiki za mwanzo ngozi inaweza kukauka, kubabuka, hata kuonekana mbaya kuliko ulivyoanza.

Hapo wiki ya tatu ndipo wengi huachia njiani. Umetoa pesa, unapaka kila usiku, uso unawasha, na hakuna mtu wa kumuuliza kama hiyo ni kawaida. Siku hizi tunaambiwa dawa ya tatizo hili ni programu ya simu itakayolia kila jioni kukukumbusha. Lakini Nairobi ilishapimana na swali hili zamani, enzi za kabambe, na kwa ugonjwa mzito kuliko chunusi.

Rudi 2007. Machi mwaka huo Safaricom ilizindua M-Pesa. Mei, watafiti wakiongozwa na daktari Richard Lester walianza kuandikisha watu wazima waliokuwa wakianza dawa za ARV katika kliniki 3: Pumwani, Hospitali ya Coptic pale Ngong Road, na Kajiado. Jaribio liliitwa WelTel Kenya1. Watu 538 waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipata huduma ya kawaida. Wengine, juu ya huduma hiyo, walitumiwa SMS mara moja kwa wiki. Ilisema hivi tu: "Mambo?"

Ulitakiwa kujibu ndani ya saa 48. "Sawa" kama uko poa, "Shida" kama kuna kitu. Ukisema shida, au ukinyamaza, mhudumu wa kliniki alikupigia.

Angalia ujanja wa hilo neno. Halitaji virusi, halitaji tembe. Shemeji akiichukua simu yako mezani, anaona salamu ya kawaida tu ya mtaani.

Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2010. Waliosema wanameza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 kwa waliopokea SMS, na 50 kwa wasiopokea. Vipimo vya damu vilifuata mkondo huo: virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Mwaka uliofuata yakaja matokeo ya Chulaimbo, upande wa Kisumu. Huko walijaribu SMS za kila siku na za kila wiki. Za kila wiki zilisaidia: asilimia 53 walifikia kiwango kizuri cha kumeza dawa, dhidi ya 40 ya wasiotumiwa chochote. Za kila siku hazikuleta tofauti. Mtu akikugongea mlango kila siku, mwisho unaacha kufungua.

Chunusi nazo? Marekani, mwaka 2012, watafiti walichapisha jaribio dogo la watu 40 wenye chunusi. Nusu walipata ujumbe wa kuwakumbusha kila siku kwa wiki 12. Waliokumbushwa walipaka dawa karibu asilimia 34 ya wakati waliotakiwa. Wasiokumbushwa, karibu 37. Yaani ile kelele yote ilikuwa bure.

Najua chunusi haiui, na ARV ukiziacha unaweza kufa. Lakini makovu yanakaa, pesa imeenda, na kijana wa Kawangware aliyekata tamaa anarudi kwa ule mchanganyiko wa steroidi. Pale Pumwani na Ngong Road, simu ilikuwa mlango tu. Nyuma yake kulikuwa na mtu aliyelipwa kusikia neno "shida" na kulifanyia kitu.

Kwa hivyo ukiuziwa programu ya ngozi leo, usiulize kwanza ina rangi gani au inapiga picha vipi. Uliza: wiki ya tatu, nikiandika "shida", nani atanipigia?