Maji Kabla ya Daktari: Somo la Ngara na Goma, 1994

Katika mjadala wa darasani kuhusu historia ya ukanda wa Maziwa Makuu, mwanafunzi wangu mmoja alisema kwamba maafa yakitokea, jambo la kwanza ni kupeleka madaktari. Darasa zima liliafiki. Mimi nilisita. Mwaka 1994 kanda yetu ililipa gharama kubwa mno kujifunza kwamba daktari, hata awe hodari kiasi gani, hafui dafu pasipo maji safi; na maji safi hayafiki pasipo watu walioamua mapema kwamba yatahitajika. Ndugu msomaji, tulinganishe sehemu mbili zilizopokea wimbi la wakimbizi mwaka huo mmoja: Ngara ya Tanzania na Goma ya Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakiwa bado yanaendelea nchini Rwanda, watu waliokadiriwa wakati ule kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara. Wengi wao walikuwa Wahutu waliokimbia majeshi ya RPF yaliyokuwa yakisonga mbele. Hakuna wilaya inayoweza kupokea mji mzima kwa usiku mmoja bila kutikisika. Wanavijiji ndio waliokuwa wenyeji wa mwanzo, na mashamba na kuni zao ndizo zilizolipa gharama ya mwanzo. Hata hivyo, janga kubwa la kipindupindu lililohofiwa halikutokea. Watu walikufa, na kuhara damu kulisumbua kambi kwa miezi mingi, lakini vifo havikufikia kiwango kilichoonekana Goma miezi mitatu baadaye.

Kwa nini? Jibu linaanzia Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa na maelfu ya Warundi wakakimbilia Tanzania. Kwa sababu hiyo, mashirika ya misaada yalikwisha kuwa magharibi mwa nchi yakiwa na wafanyakazi, magari, maturubai na dawa. Kambi ya Benaco iliwekwa kando ya bwawa, na maji yake yakaanza kusafishwa mapema. Watoto walichanjwa surua. Kwa maneno mengine, dharura ya Aprili ilikuta maandalizi ya dharura iliyotangulia.

Sasa tuvuke kwenda Goma. Katikati ya Julai, kwa muda wa siku tano hivi, watu kati ya 500,000 na 800,000 waliingia Kivu Kaskazini. Waliketi juu ya mwamba mweusi wa volkano, ambao jembe haliwezi kuupenya. Vyoo vya shimo havikuchimbika. Hata makaburi hayakuchimbika. Waliokuwa karibu na Ziwa Kivu walikunywa maji ya ziwa. Waliopelekwa kambi ya Kibumba hawakuwa na chanzo cha maji, wakawa wanangoja maboza. Katika siku za mwanzo, maji safi yaliyopatikana hayakufika hata lita moja kwa mtu kwa siku.

Tarehe 20 Julai mgonjwa wa kwanza wa kipindupindu alithibitishwa. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Wataalamu wa afya ya jamii huhesabu hali kuwa ya dharura pale kifo kimoja kinapotokea kila siku kwa kila watu 10,000. Goma vilikuwa kati ya 20 na 35. Malori yaliyookota maiti kandokando ya barabara ndiyo yaliyogeuka kuwa takwimu za hospitali.

Madaktari walifika Goma kwa wingi, kutoka pande zote za dunia, pamoja na kamera. Lakini wengi wao hawakuwahi kutibu kipindupindu. Jambo hili linauma zaidi tukikumbuka kwamba maarifa yalikuwapo. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu pale Bangaon, India, akaamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari, huku akiwafundisha ndugu zao kufanya hivyo. Vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Dawa hiyo ilikuwa rahisi kuliko soda. Miaka 23 baadaye, watu walikufa Goma kwa kukosa kitu hichohicho, na ikabidi wataalamu waitwe kutoka Bangladesh kuja kuelekeza.

Mtu anaweza kusema ulinganisho huu si wa haki, kwani Goma ilipokea watu wengi zaidi na ardhi yake ni ya mawe. Ni kweli. Lakini mawe hayo hayakuota mwezi wa Julai. Yalijulikana, kama ilivyojulikana kwamba vita vilikuwa vikielekea magharibi.

Kuna upande wa pili wa historia hii usiopendeza kuusimulia. Makambini hawakuwamo raia wanyonge peke yao. Walikuwamo pia viongozi na askari waliopanga na kutekeleza mauaji, na wakashika orodha za mgawo wa chakula. Aliyeshika orodha alishika watu. Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka katika kambi za Zaire na Tanzania, likisema misaada ilikuwa ikiwaimarisha wauaji. Wengine walibaki, wakisema mtoto mwenye kuhara hana kosa. Sijapata kusikia hoja inayomaliza ubishi huo. Ninachokijua ni kwamba madaktari hawakupaswa kuachiwa peke yao swali hilo. Kuwatenganisha wenye silaha na raia ilikuwa kazi ya mataifa, na mataifa yaliikwepa.

Baada ya Goma kulikuwa na kujihoji. Mwaka 1997 mashirika yalianzisha mradi wa Sphere, uliotoka na viwango vya chini vya misaada, vikiwamo lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Nyuma ya kila kiwango kuna watu waliokufa kwa kukikosa.

Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia Goma, hospitali zilifurika majeruhi, maji na umeme vikakatika, maghala ya misaada yakaporwa, na hofu ya kipindupindu ikarudi palepale. Miaka zaidi ya 30 imepita.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, nina swali moja. Sheria yetu ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi za chini. Je, kamati ya wilaya yako inajua leo maji yatatoka wapi iwapo watu 10,000 watahitaji kunywa kesho asubuhi? Nani ana ufunguo wa ghala? Nani ataandika orodha, na nani atamkagua? Kwa wanaharakati: tudai majibu hayo kabla ya mafuriko, si wakati wa kupiga picha na waathirika.

Na kwa mwanafunzi wangu: peleka daktari, naam. Lakini uliza kwanza nani alipeleka maji.