Mchochota Si Uvimbe

Nimekutana tena na tafsiri inayoiita COX-2 "kimeng'enya cha uvimbe". Jina hili nimelipinga mbele ya waliokabidhiwa dhamana ya istilahi, nikajibiwa kwamba "uvimbe" umeshazoeleka. Umezoeleka, naam, lakini kwa mambo mawili: tishu inayowaka kwa kuumia na donge linaloota. Katika habari ya saratani ya utumbo mpana, la kwanza ndilo linaloweza kuzaa la pili. Ukiyapa jina moja, unabaki kuandika kwamba uvimbe wa muda mrefu huleta uvimbe, na msomaji hana alichoambiwa.

Celsus, mwandishi wa Roma wa karne ya 1, alitaja dalili nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Uvimbe ni dalili moja kati ya nne. Kwa haki gani imefanywa jina la zote? Kilatini chenyewe kilichagua moto. Waarabu nao wakasema iltihabu, kutokana na lahabu, mwali ule ule tunaousikia katika jina la Abu Lahabu. Sisi tuna kitenzi kuchochota: kuwasha na kuuma kwa pamoja, kama kidonda kilichokamuliwa ndimu. Humo mna joto na mna maumivu, na mchochota umeshaingia katika maandishi ya tiba. Wapo wanaoshikilia "mwasho". Mwasho ni wa upele. Sijapata kusikia hoja yao.

Kimeng'enya chenyewe kinaidai tofauti hiyo ya mchochota na donge. Katika tishu nyingi COX-2 huwa haba mpaka zichokozwe. Hapo huongezeka na kuigeuza asidi ya arakidoniki kuwa chanzo cha prostaglandini. Mojawapo, E2, huleta joto na maumivu ya mchochota, lakini pia huzihimiza seli kugawanyika, huziepusha na kifo na kusaidia mishipa mipya ya damu kuota. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliona jeni ya COX-2 imeamka mno katika saratani 12 kati ya 14 za utumbo mpana na puru walizozipima, na katika vinyama 6 kati ya 14 ambavyo havijawa saratani. Maana yake, mara nyingine kimeng'enya hiki cha mchochota huamka kabla ya saratani. "Kimeng'enya cha uvimbe" hukificha kabisa kitangulizi hicho.

Na madhara hayaishii vitabuni. Mgonjwa mwenye donge tumboni akipewa diklofenaki, inayozuia COX-2, na kuambiwa ni "dawa ya uvimbe", ana kila sababu ya kuamini kwamba donge litayeyuka, akachelewa kurudi hospitali.

Matumizi: mchochota, wingi michochota, mchochota wa utumbo mpana, dawa ya kutuliza mchochota, COX-2, kimeng'enya cha mchochota. Uvimbe uachiwe donge.